Raia ni Nani? Kutoka Entebbe hadi Saanane

Utangulizi

Makala haya yametokana na mdahalo ulioharibika, na mharibifu nilikuwa mimi mwenyewe. Mada ya jioni ile ilihusu fasihi ya ukombozi: je, mwandishi anayewatetea wanyonge ana haki ya kuwalaumu wanyonge hao pindi wanapoua watu wasiokuwa na silaha? Nilikuwa upande wa kusema hapana. Nilizungumza juu ya Palestina kwa muda wote niliopewa. Nilianza na mwaka 1948, nikapita 1967, nikaishia Gaza, na ukumbi ukanipigia makofi. Ndipo akasimama dada mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza swali fupi: "Na wale vijana wetu wawili?" Alikuwa na maana ya Clemence Mtenga na Joshua Mollel, Watanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo kwa vitendo, wakauawa katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023. Nikamjibu haraka haraka: "Hao walikwenda kwa hiari yao. Vita havina macho." Wachache walicheka. Yule dada akaketi. Kura zilipohesabiwa, upande wetu ulikuwa umeshinda.

Ushindi ule ulinikaa vibaya. Mtenga alikuwa na miaka 22 na Mollel 21, yaani umri wa wengi wetu tunaosoma gazeti hili. Nilipofika nyumbani Butimba wakati wa likizo nilimsimulia bibi yangu mdahalo wote, nikitegemea kwamba angefurahi kusikia mjukuu wake anajua kusema mbele za watu. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele. Kisha akauliza: "Mama zao wapo?" Sikujua. Mtu niliyekuwa na tarehe zote za Mashariki ya Kati kichwani sikuwa nimewahi kujiuliza jambo hilo.

Basi lengo la makala haya ni kuutafuta mahali ulipo upungufu wa jibu langu. Sitafanya hivyo kwa kuhesabu nani kaua zaidi. Nitatazama namna mgogoro wa Israeli na Palestina ulivyowahi kufika kwenye ziwa letu, na namna sisi wenyewe tulivyotenda au kutendewa katika miaka ile ile. Hoja yangu ni kwamba tunalia msiba wa raia kwa kutazama bendera yake, na kwamba fasihi yetu imetusaidia katika kosa hilo.

Neno lenyewe

Sisi wa fasihi hatuna budi kuanza na neno. Raia ni neno lililotoka katika Kiarabu, na asili yake inahusiana na uchungaji: raia ni wale wanaochungwa, na mtawala ni mchungaji wao. Katika Kiswahili cha leo neno hili lina mizigo miwili. Kwanza, raia ni mwananchi wa nchi fulani: raia wa Tanzania, raia wa Uganda. Pili, raia ni mtu asiye askari. Mwanajeshi akikukuta unakatiza kambini atakuita "wewe raia", na hapo hajali kama umezaliwa Ngara ama Nairobi. Zipo lugha zinazotenga maana hizi mbili kwa maneno mawili. Lugha yetu imezipika katika chungu kimoja.

Sioni kwamba huo ni umaskini wa lugha. Lakini ni mtego. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949 unamlinda raia kwa maana ile ya pili: unakataza kuchukua mateka, na unakataza kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo hakulitenda yeye. Haukuuliza pasipoti kwanza. Sisi tunapopata habari ya mauaji huuliza kwanza maana ya kwanza: walikuwa raia wa wapi? Tukishajibiwa ndipo tunajua tuhuzunike kiasi gani. Mimi pale ukumbini nilifanya jambo baya zaidi ya hilo. Niliwanyima Mtenga na Mollel maana zote mbili, nikawafanya kuwa sehemu ya mahali walipokutwa.

Entebbe, 1976

Ukisimama ufukweni Butimba jioni, ukitazama kaskazini, huoni ng'ambo. Lakini ng'ambo ipo. Kiasi cha kilomita 300 hivi kuvuka maji haya haya ndiko uliko uwanja wa ndege wa Entebbe, nao umejengwa karibu kabisa na ziwa. Huko ndiko mgogoro wa Mashariki ya Kati ulikotua mwaka 1976.

Tarehe 27 Juni mwaka huo, ndege ya shirika la Air France iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa nyara baada ya kupita Athens. Watekaji walikuwa wanne: Wapalestina wawili wa kundi la Wadie Haddad lililotokana na PFLP, na Wajerumani wawili, mwanamume na mwanamke. Ndege ilipitia Benghazi ikatua Entebbe tarehe 28, na Idi Amin akawapokea watekaji kama wageni. Walidai wafungwa 53 waachiliwe, wengi wao wakiwa katika magereza ya Israeli.

Kisha likafanyika tendo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Mateka walitengwa. Waisraeli na Wayahudi wengine kadhaa waliwekwa upande mmoja, wengineo upande wa pili, na kati ya tarehe 30 Juni na 1 Julai abiria 148 wa upande ule wa pili wakaachiliwa. Watu waliokuwa wamekaa viti vya jirani angani, pengine wakipeana gazeti, sasa walitenganishwa na kijitabu cha kusafiria. Rubani Mfaransa, Michel Bacos, pamoja na wafanyakazi wenzake wa ndege, hawakukubali kuwaacha waliobaki. Nataka tukumbuke jambo hilo. Wapo watu ambao, wakiambiwa "nyinyi si miongoni mwa hawa", hujibu kwamba ni miongoni mwao.

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomandoo wa Israeli walitua na kuwaokoa mateka 102. Mateka watatu walikufa katika mapigano, pamoja na kamanda wa kikosi, Yonatan Netanyahu, watekaji wote waliokuwapo, na makumi ya askari wa Uganda. Ndani ya mwaka mmoja zilikwishatengenezwa filamu zaidi ya moja juu ya usiku ule, na kila mtu anajua mwisho wake: ndege zinapaa, watu wanaimba.

Lakini si wote waliopaa. Bibi mmoja, Dora Bloch, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, alikuwa amepelekwa Hospitali ya Mulago, Kampala, kabla ya uvamizi. Baada ya ndege kuondoka, watu wa Amin walimtoa kitandani wakaenda kumuua. Henry Kyemba, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Uganda, alilieleza tukio hilo hadharani mwaka 1977 baada ya kuikimbia serikali hiyo. Mabaki ya yule bibi yalipatikana mwaka 1979, Amin alipokwisha kuangushwa. Na kwa kuwa ndege za Israeli zilitia mafuta Nairobi, Amin aliwageukia Wakenya walioishi Uganda. Mamia yao waliuawa. Walikuwa vibarua, wachuuzi, wafanyakazi wa kawaida tu. Hao hawakuteka ndege, hawakuokoa mateka, na pengine wengine hawakuwahi hata kupanda ndege. Kosa lao lilikuwa ni kuwa raia kwa maana ya kwanza.

Msomaji atauliza: mbona husemi kilichowaleta watekaji? Ni haki kuuliza. Mwaka 1948 Wapalestina wapatao 700,000 walifukuzwa au walikimbia kutoka makwao, na hawakuruhusiwa kurudi. Mwezi Aprili mwaka huo kijiji cha Deir Yassin kilishambuliwa na wanamgambo wa Kizayuni, na zaidi ya watu 100 wakauawa, wakiwamo wanawake na watoto. Mwaka 1967 Israeli ilitwaa Ukingo wa Magharibi na Gaza. Kizazi kilichozaliwa katika mahema ya wakimbizi ndicho kilichokamata bunduki. Tanzania iliielewa hasira hiyo kwa sababu Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. Mwaka 1973 nchi yetu ilivunja uhusiano na Israeli, na uhusiano huo haukurudishwa hadi 1995. Sina nia ya kuufuta msimamo ule. Ninachosema ni kwamba Deir Yassin inaeleza hasira ya kijana wa Kipalestina, lakini haielezi kwa nini bibi wa Mulago alipaswa kufa. Sababu ya vita na uhalali wa kila tendo ndani ya vita ni mambo mawili. Mimi niliyachanganya ukumbini, na nadhani wengi wetu huyachanganya.

Mwaka ule ule, Mwanza na Shinyanga

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukimnyooshea Amin kidole kutoka ng'ambo hii. Lakini historia haituruhusu.

Mwaka huo huo wa 1976, katika mikoa yetu ya Mwanza na Shinyanga, kulikuwa na msako mkubwa. Mauaji ya watu waliodhaniwa kuwa wachawi, hasa vikongwe, yalikuwa yamezidi, na serikali ilitaka kuyakomesha. Nia ilikuwa njema: kuwalinda raia. Lakini katika kuwatafuta wauaji, polisi na watu wa usalama walikamata watu wengi, wakawatesa, na baadhi ya waliokamatwa wakafia mikononi mwao. Mambo yalipofichuka, Januari 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kuwajibika kisiasa, ingawa hakumgusa mtu kwa mkono wake. Waziri mwenzake aliyehusika na usalama alijiuzulu pia, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani.

Wanafunzi wa siasa hupenda kulitaja tukio hili kama mfano wa uwajibikaji, na ni mfano mzuri kweli. Mwinyi mwenyewe alikuja kuwa Rais mwaka 1985. Lakini angalieni jinsi tunavyolisimulia. Mhusika mkuu wa simulizi yetu ni waziri anayejiuzulu. Waliokufa wamekuwa sababu ya yeye kujiuzulu, basi. Muulize mwanafunzi yeyote akutajie jina la mmoja wa waliokufa katika msako ule. Na mimi sikuulizi wewe tu. Nimezaliwa Butimba, nimekulia humo humo mkoani, na jina hata moja sina.

Kagera, Masaka na swala wa Saanane

Miaka miwili baadaye vita vilikuja vyenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera ni mali ya Uganda. Wanakijiji waliuawa, wanawake walinajisiwa, ng'ombe waliswagwa kwa maelfu. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 1,500 wasiokuwa na silaha waliouawa katika majuma yale machache. Mwalimu Nyerere alilieleza taifa kwamba tunayo sababu, tunao uwezo na tunayo nia, na kweli jeshi letu likamsukuma Amin hadi Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979.

Hapa tena Mashariki ya Kati ilikuwapo. Libya ilimletea Amin askari na ndege. Wapiganaji wa PLO, wale wale tuliokuwa tukiwaunga mkono, walipigana upande wa Amin dhidi ya vijana wetu. Jambo hili husahaulika sana katika midahalo yetu, pengine kwa sababu haliwafai walio upande wowote.

Na hapa ndipo mji wetu unapoingia. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya ya kurusha mabomu ilitumwa Mwanza kulenga matangi ya mafuta. Ililikosa shabaha lake kabisa. Mabomu yaliangukia Kisiwa cha Saanane, ambacho wakati ule kilikuwa bustani ya wanyama. Mtu mmoja alijeruhiwa, na swala kadhaa wakafa.

Bibi yangu huisimulia habari hii kama kichekesho, na nimeisikia tangu nikiwa mdogo. Alikuwa akiuza samaki Mkuyuni, mtoto mgongoni. Anasema mshindo ulifika kabla ya habari, na habari ilipofika watu walichekea tumboni: kumbe Gaddafi katoka huko kote kuja kupigana na swala wetu! Safari hii nilimwuliza swali ambalo sijawahi kumwuliza: kama mabomu yale yangefika yalikotumwa, je? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Tungekuwa sisi ndio swala." Kisha akarudi kwenye kicheko chake, maana ndivyo hadithi ile inavyosimuliwa.

Nimelifikiria sana jibu hilo. Rubani yule hakumjua bibi yangu wala mtoto aliyekuwa mgongoni, ambaye ndiye mama yangu. Kwake Mwanza ilikuwa matangi. Sisi tulinusurika kwa sababu ya ubovu wa shabaha, si kwa sababu ya haki ya vita vyetu, ingawa vilikuwa vya haki.

Lakini Kagera ina ukurasa mwingine, na nikiuruka nitakuwa nimerudia kosa langu la ukumbini. Mwezi Februari 1979, jeshi letu lilipoingia Masaka na Mbarara, sehemu kubwa za miji hiyo zilibomolewa kwa baruti na mizinga. Wakazi wengi walikuwa wameshakimbia, na mapigano yenyewe yalikuwa yamekwisha. Ilikuwa ni kulipiza kisasi cha Kagera. Nyerere alifadhaika aliposikia, akaagiza kwamba toka hapo raia na mali zao wasiguswe. Kwa agizo lile alikuwa anasema kwamba mtu wa Masaka, raia wa Uganda kwa maana ya kwanza, ni raia pia kwa maana ya pili, na kwamba nyumba yake haikuvuka mpaka kwenda Kyaka. Kwa nini agizo hilo halifahamiki kama yanavyofahamika yale maneno ya sababu, uwezo na nia? Nadhani ni kwa sababu linatukumbusha nini kilitendeka kabla ya kutolewa.

Nani anapewa jina

Sasa nirudi kwenye uwanja wetu. Fasihi ya Kiswahili ina utamaduni mkongwe wa kusimulia vita. Tangu Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, hadi Hemedi bin Abdallah aliyetunga juu ya vita vya Wajerumani huko Mrima, hadi Abdul Karim bin Jamaliddini aliyetunga juu ya Maji Maji, hadi Henry Muhanika na utenzi wake wa Vita vya Kagera wa mwaka 1981, fani hii ya utenzi imekuwa daftari letu la vita. Siwadharau watunzi hawa. Bila wao tungekuwa mabubu. Lakini fani yenyewe ina matakwa yake. Inataka shujaa na inataka adui. Inataka majeshi yakutane, mmoja aanguke, mwingine asifiwe. Katika matakwa hayo raia hana kazi ya kufanya. Hapigani, hasaliti, hashindi. Akitokea, hutokea kama kundi: "watu waliuawa". Kwa lugha yetu ya uhakiki, raia ni mhusika bapa wa historia.

Methali nayo imetusaidia kumlaza chini. Wapiganapo fahali wawili, tunasema, ziumiazo ni nyasi. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba hiyo ni methali ya kuwahurumia wanyonge. Haya, itazameni tena. Nyasi hazina jina. Nyasi zikikanyagwa leo, mvua ikinyesha zitaota tena. Hakuna anayemwuliza fahali kwa nini alikanyaga, kwa sababu hakuzikusudia. Lakini yule bibi wa Mulago alikusudiwa. Wakenya wa Uganda walikusudiwa. Wanavijiji wa Deir Yassin walikusudiwa. Methali inamwondolea fahali hatia kwa kisingizio cha huruma, na ile kauli yangu ya "vita havina macho" ni mtoto wa methali hiyo. Vita vina macho. Aliyewatenga abiria kwa pasipoti alikuwa na macho, tena alikuwa akisoma.

Ipo habari moja ya mkoani kwetu ambayo ingeweza kutufundisha. Mwezi Februari 1982 ndege ya Shirika la Ndege Tanzania iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa nyara na vijana wa Kitanzania waliotaka Nyerere ajiuzulu. Ilipelekwa Nairobi, Jeddah, na Athens, ule mji ule uliopitiwa na ndege ya Entebbe, hadi Stansted, Uingereza. Abiria walitoka hai, na watekaji wakahukumiwa vifungo huko huko. Abiria wale walikuwa watu wa huku, waliopanda kwenda Dar kwa shughuli zao. Kwa siku mbili walikuwa mateka kama wale wa Entebbe, kwa sababu za mgogoro ambao wengi wao hawakuwa na sauti ndani yake. Nimetafuta hadithi fupi, tamthiliya au shairi la mmoja wa abiria hao, na mpaka naandika haya sijaliona. Ni nafasi iliyo wazi kwa yeyote kati yetu.

Turudi ukumbini

Mgogoro wa Palestina haukukoma kutufuata. Desemba 31, 1980 Hoteli ya Norfolk, Nairobi, ililipuliwa, na wengi wakauona mlipuko ule kuwa malipo ya Entebbe. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Waisraeli huko Kikambala, kaskazini ya Mombasa, ililipuliwa na watu wa al-Qaeda. Waliokufa, ukiwaacha walipuaji, walikuwa 13: Waisraeli watatu na Wakenya kumi, wengine kati yao wakiwa wacheza ngoma waliokuja kuwapokea wageni. Waliodai kuhusika walisema wanapigania Palestina, na waliokufa wengi walikuwa watu wa Pwani waliokuwa kazini.

Kisha Oktoba 7, 2023. Siku ile waliuawa watu wapatao 1,200 huko Israeli, wengi wao raia, na 251 wakachukuliwa mateka. Mtenga aliuawa, Tanzania ilitangaza kifo chake Novemba mwaka huo, na akazikwa nyumbani Kilimanjaro. Mollel aliuawa pia, mwili wake ukapelekwa Gaza, na haukurudishwa hadi Novemba 2025. Miaka miwili wazazi wake walikaa na msiba usiokuwa na kaburi. Na katika miaka hiyo hiyo miwili Gaza ilipigwa mabomu hivi kwamba, kufikia katikati ya mwaka 2025, Wizara ya Afya ya huko ilikuwa imekwisha kuhesabu watu zaidi ya 60,000 waliouawa. Hesabu hiyo haitenganishi wapiganaji na raia, lakini inaonyesha kwamba sehemu kubwa yao ni wanawake, watoto na wazee. Chakula kilizuiwa, hospitali zilivunjwa. Huko nako ipo misiba mingi isiyokuwa na makaburi, ya watu waliobaki chini ya vifusi.

Wenzangu wa upande ule wa mdahalo watafurahi kusoma kwamba nimejirudi. Nawaomba wasifurahi mapema. Kuna mwenzetu mmoja ambaye, baada ya yule dada kuuliza swali lake, alinong'ona kwa sauti ya kusikika: "Ndiyo maana Gaza wanastahili." Huyo na mimi tulikuwa tumekaa pande mbili tofauti tukisema jambo moja. Mimi nilisema vijana wawili walikufa kwa sababu ya mahali walipokuwa. Yeye alisema watoto wa Gaza wanakufa kwa sababu ya mahali walipozaliwa. Wote wawili tulikuwa tunasoma pasipoti, kama yule mtekaji wa Entebbe.

Wala simaanishi kwamba pande zote ni sawa, basi tukae kimya. Anayeikalia ardhi ya mwingine na anayekaliwa hawako sawa, na mwenye ndege za vita na asiyekuwa nazo hawako sawa. Mwanafunzi wa fasihi ya ukombozi asiyeliona hilo amesoma bure. Lakini kupigania haki hakumpi mpiganaji funguo za kila mlango. Tulikuwa na haki Kagera, na bado tulikuwa na kosa Masaka. Tulikuwa na nia njema ya kuwalinda vikongwe wa Usukuma, na bado watu walikufa mikononi mwa vyombo vyetu. Ikiwa sisi, kwa vita vya haki na kiongozi kama yule, tuliweza kukosea, nani basi atasema upande wake hauwezi?

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. La kwanza, neno raia katika lugha yetu lina maana mbili, na tumeizoea mno ile ya bendera. La pili, ziwa hili limeshuhudia, kati ya 1976 na 1979 tu, raia wa Kiisraeli, wa Kikenya, wa Kiganda na wa Kitanzania wakiuawa au wakiponea chupuchupu kwa mantiki ile ile moja. La tatu, fani zetu za kusimulia vita humpa jina shujaa na humnyima raia, nasi wahakiki tumeupokea mgawanyo huo bila kuuhoji.

Pendekezo langu ni dogo. Tunapofundishwa kuhakiki kazi ya vita, pamoja na kuuliza "shujaa ni nani?" na "mwandishi yuko upande gani?", tuulize swali la bibi yangu: mama zao wapo? Ni swali linalofaa kwa kazi ya Mwarabu, ya Mwisraeli na ya Mswahili. Mwandishi asiyeweza kulijibu juu ya wafu wa upande wa pili bado hajamaliza kazi yake, hata kama vina na mizani vyote vimekaa sawa.

Nilimtafuta yule dada wa mwaka wa kwanza tulipofungua chuo, nikamwomba radhi. Alikubali, ila akaniambia kwamba swali lake nililijibu mbele ya watu, kwa hiyo na radhi niiombe mbele ya watu. Ndiyo maana nimeandika.